Swali Kwanza, Nadharia Baadaye: Kauli Kuhusu Utafiti Wetu wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwaka, muhula wa mwisho ukaribiapo, idara zetu za Kiswahili hujaa pilkapilka. Wanafunzi wa mwaka wa nne hukimbizana na wasimamizi wao, wale wa uzamili hupiga foleni nje ya ofisi wakiwa wamekumbatia mapendekezo yao ya utafiti, na neno “nadharia” husikika kila pembe. “Wewe unatumia nadharia gani?” ndilo swali wanafunzi huulizana. Ni nadra mno kumsikia mmoja akimwuliza mwenzake, “Wewe unataka kujua nini?”

Tofauti baina ya maswali hayo mawili ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya utafiti wetu imesimama kichwa chini, miguu juu. Mwanafunzi huanza kwa kuteua riwaya au tamthilia, kisha huazima nadharia, kisha ndipo huanza kusaka tatizo litakaloivaa nadharia hiyo. Hatimaye hupata kile alichokuwa nacho tangu mwanzo: nadharia imeafiki kitabu, kitabu kimeafiki nadharia, na msomaji hajaongezewa hata chembe ya maarifa. Hiyo ni sherehe ya kuthibitisha yanayojulikana, nasi tunaiita utafiti.

Dai la makala haya ni moja. Swali ndilo liwe bwana. Nadharia, mbinu na sampuli ziwe watumishi wake. Tena swali lenyewe liwe lile ambalo jibu lake laweza kutushangaza. Ili kulitetea dai hili, nitazipitia dhana chache za msingi za utafiti, nikizitolea mifano kutoka uwanja wetu wenyewe wa Kiswahili, kwani aghalabu dhana hizi hufunzwa kwa mifano ya hospitali na viwanda hadi mwanafunzi wa lugha akadhani hazimhusu.

Mada, suala na swali

Wengi wetu huchanganya mambo matatu: mada, suala na swali. Mada ni uwanja. Suala ni jambo mahususi ndani ya uwanja huo ambalo halijaeleweka au linalozua utata. Swali ni suala hilo lililonolewa hadi likawa linaweza kujibiwa kwa ushahidi.

Tuchukue mfano wa Sheng. Sheng ni mada. Kusema “Sheng inaharibu Kiswahili” ni kutoa lalama, na lalama haitafitiwi. Inakubaliwa au inapingwa tu. Suala huibuka pale tunapotazama kwa makini zaidi: walimu husema kuwa insha za wanafunzi zimejaa makosa ya upatanisho wa kisarufi, na lawama hutupiwa Sheng, ilhali yamkini chanzo ni lugha ya mama, uhaba wa vitabu, au ufundishaji wenyewe. Kutokana na suala hilo tunaweza kuunda swali: Je, wanafunzi wa kidato cha pili wanaotumia Sheng kwa wingi nje ya darasa hukosea upatanisho wa ngeli katika insha zao kuliko wenzao wasioitumia?

Tazama jinsi swali hilo linavyotudai kazi. Kwanza, linatutaka tufasili istilahi zetu kwa njia inayopimika. “Kutumia kwa wingi” ni kutumia kiasi gani, na nani, mahali gani? “Kosa” ni lipi? Mwanafunzi aliyeandika “ng’ombe zangu” atahesabiwa kuwa amekosea, au tutatambua kuwa wasemaji wengi stadi husema hivyo? Pili, linatudai kipimo chenye uthabiti. Iwapo wasahihishaji wawili wataisoma insha moja, huyu akahesabu makosa 5 na yule 12, kipimo chetu hakina uthabiti. Tatu, linatudai kipimo chenye uhalali. Iwapo tutahesabu makosa ya tahajia kisha tukajigamba kuwa tumepima upatanisho wa kisarufi, tutakuwa tumepima kingine na kutangaza kingine.

Hata baada ya kuyatimiza hayo yote, bado lipo funzo moja zito: mambo mawili kuandamana si kusababishana. Iwapo watumiaji wa Sheng watapatikana na makosa mengi zaidi, huenda sababu ni kuwa wengi wao wanasoma katika shule zenye wanafunzi sabini darasani. Mtafiti makini ni yule anayezitaja sababu shindani na kuzichunguza moja baada ya nyingine kabla ya kutoa hukumu. Asiyefanya hivyo ni sawa na hakimu aliyemsikiliza mshtaki peke yake.

Dhana tete ni ile iwezayo kushindwa

Katika mapendekezo mengi ya utafiti, sehemu ya dhana tete (wengine huiita nadharia tete, wengine haipothesia) huwa na kauli za aina hii: “Mwandishi ametumia tamathali za usemi kuendeleza maudhui.” Msomaji mpendwa, hebu tuulizane: je, yupo mwandishi duniani ambaye hakutumia tamathali hata moja? Je, yaweza kutokea kuwa mtafiti akarudi na kusema, “Nimechunguza, nikaona kuwa kauli yangu si kweli”? Haiwezekani. Kwa sababu hiyo, kauli ile haistahili kuitwa dhana tete. Neno “tete” lenyewe linatukumbusha kitu kichanga, kisichokomaa, kinachoweza kunyauka. Kisichoweza kunyauka hakikuwa tete.

Dhana tete ya kweli ni dau. Mtafiti hutamka mapema: “Nadhani mambo yako hivi; iwapo nitapata ushahidi wa namna fulani, nitakubali kuwa nimeshindwa.” Nitaonyesha kwa mfano mdogo ambao mwanafunzi yeyote aliyewahi kukaa Mombasa anaweza kuujaribu.

Anayelinganisha Kiunguja, ambacho ndicho msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita hugundua upesi kuwa Kiunguja kina “macho” pale ambapo Kimvita kina “mato”. “Mchele” ni “mtele”. “Kucheka” ni “kuteka”. “Kucheza” ni “kuteza”. Mtafiti chipukizi anaweza kuunda dhana tete: kila palipo na sauti “ch” katika Kiunguja, Kimvita huwa na “t”. Kauli hii ni nzuri kwa sababu iko wazi na inaweza kuangushwa. Na kweli, inaanguka! Kimvita kina “chakula”, “chombo” na “chuo” vilevile kama Kiunguja. Tena kina “chai”.

Mtafiti mvivu hapa huwa na njia mbili. Ama huyaficha maneno hayo yanayomwaibisha, ama huyaita “mambo yasiyo ya kawaida” na kuyasukuma kando. Mtafiti wa kweli hufurahi, maana hapo ndipo utafiti unapoanza kunoga. Huuliza: maneno haya yanayokaidi yana nini yanayoshirikiana? Akiyaweka katika wingi, anaona “vyakula”, “vyombo”, “vyuo”. Kumbe “ch” hii imetokana na kiambishi “ki-” kilichokutana na irabu, nayo ina historia tofauti na ile “ch” ya “macho”. Nalo “chai” ni neno lililotoka ng’ambo likiwa limekwisha kubeba sauti yake. Sasa dhana tete inaandikwa upya: “ch” iliyo katika mzizi wa neno la asili ya Kibantu hulingana na “t” ya Kimvita, ile itokanayo na “ki-” na ile ya maneno ya mkopo hazibadiliki. Dhana hii ya pili ni bora kuliko ya kwanza, na imezaliwa kutokana na kushindwa kwa ya kwanza. Nayo pia haina budi kupelekwa mtihanini kwa maneno mengine mengi.

Huo, kwa ufupi, ndio mzunguko mzima wa utafiti: kuona jambo, kukisia, kujaribu, kushindwa, kukisia vyema zaidi. Hakuna nadharia ya kigeni iliyohitajika ili kuuanza. Kilichohitajika ni sikio lililo macho na swali lililo wazi. Nadharia ya fonolojia itakuja baadaye, ikitusaidia kueleza kwa nini mabadiliko hayo yalitokea.

Ushahidi uafikiane na swali

Mfano wa pili tuutoe katika mjadala ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili ameupitia katika mwaka wake wa kwanza: chimbuko la Waswahili na lugha yao. Mjadala huu ni shule nzima ya utafiti, kwani ndani yake tunaona jinsi aina mbalimbali za ushahidi zinavyojibu maswali mbalimbali.

Kwa muda mrefu katika karne ya 20, wasomi wengi waliamini kuwa miji ya mawe ya pwani ilikuwa kazi ya walowezi waliotoka Arabuni na Uajemi. James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gede mwaka 1948, aliifasiri miji hiyo kwa mtazamo wa aina hiyo. Mtazamo huu ulitangulia ushahidi. Wachimbaji waliingia ardhini wakiwa tayari na jibu. Katika miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akizifuata tabaka za udongo hadi chini kabisa. Chini ya majengo ya mawe alikuta mabaki ya majengo ya miti na udongo yaliyoanzia karibu karne ya 8, pamoja na vyungu vya kienyeji kwa wingi. Mji ulikuwa umekua hatua kwa hatua kutoka katika kijiji. Hakuna aliyeuleta kwa jahazi ukiwa umekwisha kujengwa.

Wanaisimu nao walikuwa na swali lao. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walitumia mbinu ya isimu linganishi: walikusanya maneno ya msingi na viambishi vya lugha jirani, wakachunguza mfululizo wa sauti zinazolingana, kama tulivyofanya kwa “macho” na “mato”, ila kwa upana na kina kikubwa zaidi. Walionyesha kuwa Kiswahili ni ndugu wa karibu wa Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na lugha za Komoro, katika kundi liitwalo Sabaki. Wingi wa maneno ya Kiarabu haukulibatilisha jambo hili, kwa kuwa udugu wa lugha haupimwi kwa msamiati wa kukopa. Hupimwa kwa mfumo wa sauti na sarufi uliorithiwa.

Mwaka 2023 ukaja ushahidi wa aina ya tatu. Watafiti, miongoni mwao mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi kutoka kwa mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na mji mmoja wa bara. Waligundua kuwa wengi wa watu wale wa pwani walikuwa na asili mseto: zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na sehemu kubwa ya uliobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, huku mchanganyiko huo ukianza karibu mwaka 1000.

Magazeti yalipoipata habari hiyo, wapo waliodai kuwa mjadala umefungwa, na wengine wakasema kuwa wanaisimu wameaibishwa. La hasha! Chembe za urithi hujibu swali la nani alimzaa nani. Hazijibu swali la lugha gani ilizungumzwa nyumbani. Mtu hurithi damu bila hiari, lakini lugha huipata kwa wale wanaomlea. Kwamba lugha iliendelea kuwa ya Kibantu licha ya mababa waliotoka ng’ambo ni jambo linalozua swali jipya, tena tamu: ni nani walioilea lugha hii, na kwa nini watoto wa mababa hao hawakushika lugha za baba zao? Hili ndilo funzo kuu. Ushahidi hauna uzito wenyewe kwa wenyewe. Uzito wake hutokana na swali unaloulizwa.

Sampuli si jamii nzima

Uchunguzi huo huo unatufunza dhana nyingine tunayoichezea mno, yaani sampuli. Makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wa tabaka la juu, waliozikwa karibu na misikiti. Basi matokeo yanatueleza mengi kuhusu waungwana wa miji, lakini hayatupi idhini ya kutoa kauli moja kuhusu mvuvi wa kijijini wala mkulima wa shambani ambaye kaburi lake halikujengewa mawe. Mtafiti mwaminifu husema wazi: “Nimewaona hawa, wale sikuwaona.”

Sasa tujitazame sisi. Mwanafunzi huwagawia hojaji wanafunzi wenzake arobaini katika bweni moja, wote wakiwa wa umri mmoja na wengi wakiwa wamesomea shule za aina moja. Akirudi huandika: “Wakenya wengi wana mtazamo hasi kuhusu Kiswahili.” Wakenya gani? Mwuza samaki wa Kisumu aliulizwa lini? Mfugaji wa Turkana alijaza hojaji ipi? Hakuna ubaya wowote katika kuwahoji wanafunzi arobaini, mradi hitimisho lisiwavuke wale arobaini na jamii wanayoiwakilisha.

Hapa ndipo mbinu za usampulishaji zinapopata maana. Usampulishaji wa nasibu humpa kila mmoja katika jamii lengwa nafasi sawa ya kuteuliwa, na ndio unaofaa tunapotaka kutoa kauli kuhusu jamii nzima. Usampulishaji wa matabaka huhakikisha kuwa makundi yote, kwa mfano wanawake na wanaume au wa mjini na wa mashambani, yamepata wawakilishi. Usampulishaji wa kimakusudi hufaa tunapowatafuta wajuzi wachache: huwezi kuteua kwa nasibu watu wa kukueleza kunga za utendi, utamfuata yule anayezijua. Mbinu ipi ni bora? Swali hilo halina jibu hadi tujue unataka kujua nini.

Ndivyo ilivyo pia kwa ule ubishi usiokwisha kati ya mbinu za kitakwimu na za kimaelezo. Wapo wanaodharau hesabu wakisema ni za watu wa sayansi, na wapo wanaodhani kuwa bila majedwali kazi haina hadhi. Wote wanapigania vyombo kabla ya kujua kinachopikwa. Anayeuliza “wangapi?” au “mara ngapi?” hana budi kuhesabu. Anayeuliza “kwa nini?” au “vipi?” hana budi kusikiliza kwa kina. Aghalabu swali zuri huyadai yote mawili.

Je, nadharia haina kazi?

Najua yupo atakayenijibu hivi: hakuna mtu anayeutazama ulimwengu kwa macho matupu. Hata yule anayedai kuwa hana nadharia anayo, ila ameificha, au hajui kuwa anayo. Basi kuitanguliza nadharia ni uaminifu, si kasoro. Hoja hii ina nguvu, na mfano wa Gede unaithibitisha: wachimbaji wale walikuwa na nadharia isiyotamkwa, nayo ikawaongoza wasikotarajia.

Hata hivyo, kuitamka nadharia ni jambo moja na kuifanya iwe mahakama ya mwisho ni jambo jingine. Sipingi ufeministi, umarx, umuundo wala nadharia yoyote ile. Napinga mtindo wa kuzivalia kama sare. Nadharia ni darubini, na darubini hununuliwa na mtu anayetaka kuona kitu fulani kilicho mbali. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini wahusika wa kike katika riwaya za miongo miwili mfululizo hufa mwishoni mwa hadithi atauhitaji ufeministi, na utamsaidia kwelikweli. Yule aliyeanza na ufeministi bila swali atamaliza kwa kuorodhesha “nafasi ya mwanamke” sura baada ya sura, kama karani anayehesabu magunia ghalani.

Tena kazi kubwa ya mtafiti ni kuijaribu nadharia yenyewe. Nadharia nyingi tunazozitumia ziliundwa kwa kutazama fasihi za Ulaya. Je, zinauweza utendi uliotungwa ili uimbwe? Zinaweza kueleza ushairi wa majibizano, ambapo shairi la mmoja halikamiliki hadi mwenzake amelijibu? Iwapo tutapata kuwa haziwezi, huo utakuwa ugunduzi mkubwa. Lakini hatutaupata kamwe maadamu tumezoea kuipigia nadharia magoti.

Deni letu kwa watoa habari

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulipitia kwa haraka, nalo kwangu ni la msingi. Maarifa mengi ya Kiswahili hayamo maktabani. Yamo vifuani mwa watu: manju, wazee wa mitaa, wavuvi wanaojua majina ya pepo na nyota, kina mama wanaojua nyimbo za unyago. Anayeyataka maarifa hayo sharti awaendee. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Historia yetu inao mfano mwema. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeaga dunia karibu mwaka 1840, zingeweza kupotea. Zilihifadhiwa kwa kuwa mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuzieleza, akishirikiana na mmishenari William Taylor, aliyeandika maelezo kuhusu maana na matukio yaliyozizunguka. Hatimaye William Hichens alizichapisha mwaka 1940. Bila ya kumbukumbu hizo za nani alisema nini na kwa sababu gani, mashairi yale ya siasa za Mvita yangekuwa vitendawili visivyo na wateguzi. Nasi tujiulize: ni wangapi kati yetu wanaoandika tarehe, mahali na mazingira ya kila wimbo wanaourekodi kwa rununu zao? Na baada ya kuhitimu, rekodi hizo huenda wapi?

Sheria za nchi zimeweka mipaka yake. Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, ndiyo itoayo vibali vya utafiti, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaweka masharti ya kutumia habari za mtu, idhini yake ikiwa mojawapo ya misingi inayotambuliwa. Haya ni mema, lakini karatasi yenye sahihi haimalizi deni. Mzee aliyekupa saa tatu za maarifa yake ana haki ya kujua uliyaandika vipi. Ana haki ya kukusahihisha. Wapo wazee ambao wamehojiwa na vizazi kwa vizazi vya wanafunzi na hawajawahi kuletewa hata nakala moja ya tasnifu. Wakikataa kutufungulia milango, tusiwalaumu.

Utafiti unaonunulika

Kwa nini nayasisitiza haya sasa? Kwa sababu zama tulizomo zimeifanya kasoro yetu ya kale kuwa hatari mpya. Si siri kwamba karibu na vyuo vingi wapo watu ambao, kwa malipo, humwandikia mwanafunzi mradi mzima. Sasa pia zimekuja programu za tarakilishi ambazo zikiamriwa hutoa kurasa za misingi ya nadharia katika muda wa kunywa kikombe cha chai, tena wakati mwingine pamoja na vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa na mtu yeyote.

Tumezoea kuitazama hali hii kama tatizo la maadili ya wanafunzi pekee. Mimi naona kuwa ni kioo pia. Iwapo sura ya nadharia inaweza kununuliwa au kutengenezwa na mashine bila msomaji kugundua, basi pengine sura hiyo haikuwa na kitu tangu zamani. Kinachonunulika kwa urahisi ni utafiti usio na swali. Hakuna duka linaloweza kukuuzia mazungumzo uliyofanya na wavuvi wa Vanga, wala mashine iliyosikia jinsi mama mmoja wa Faza anavyolitamka neno fulani leo. Swali la kweli, linalodai ushahidi uliokusanywa kwa mkono, ndilo kinga bora kuliko vitisho vyote vya adhabu.

Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na hayo, nina mapendekezo manne kwa wanafunzi wenzangu na kwa idara zetu. Mosi, kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kutaja nadharia yoyote, aandike ukurasa mmoja tu wenye mambo mawili: swali lake, na aina ya ushahidi ambao ungemfanya akubali kuwa dhana yake tete si sahihi. Pili, kazi ambayo dhana yake tete imeshindwa isihesabiwe kuwa imefeli. Ikiwa imefanywa kwa uangalifu, imetuongezea maarifa sawa na ile iliyoshinda. Tatu, kila idara iwe na hifadhi ya data, ambamo rekodi na maandishi ya nyanjani yatawekwa kwa idhini ya wenyewe, ili mtafiti wa kesho asianze sifuri. Nne, chama chetu kiandae angalau siku moja kila mwaka ambapo watafiti watarudi kwa jamii walizozichunguza na kusoma matokeo yao mbele ya wenyeji, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na wasahihishwe hadharani.

Kiswahili kimepanda hadhi. Ni lugha rasmi chini ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake ulimwenguni. Lakini hadhi ya lugha haitunzwi kwa gwaride na hotuba. Hutunzwa na watu wanaoiuliza maswali magumu na kuyakubali majibu yake, hata yasipowapendeza. Waliotutangulia walituambia kuwa kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba katika chuo kikuu, ujinga ni kuhitimu bila ya kuwahi kuuliza.